Mwalimu Foibe na Maji ya Pilato

Usiku ule wa kuamkia kikao cha ukoo nililala na soksi mbilimbili, maana baridi ya Njombe haina huruma na mimi sina mume wa kunipasha joto. Nilikuwa nimeshaamua: kesho sitatia neno. Baba Mkubwa alitaka wifi yangu Atu arudishwe kwao, eti ndiye aliyemmaliza kaka yangu. Sasa mimi, nisiyetoka nyumbani hata kwa ngoma ya harusi, dirisha langu linatazama mlango wao. Niliona Atu alivyomwogesha mumewe, alivyombembeleza aende hospitali, na kaka alivyogoma. Lakini nani anataka kugombana na Baba Mkubwa?

Ndipo Mwalimu Foibe akaingia, bila hodi. Alitufundisha Kiingereza sekondari, na tulimzika mwaka juzi. Alivaa sweta lake lilelile la kahawia, vumbi la chaki mabegani.

"Bado umejifungia tu, kobe wangu?"

Nikachukua jagi na beseni nimnawishe mgeni, kama ilivyo ada. Namimina, na chumba kinakuwa darasa; wenzangu wote wamo, wadogo vilevile. Kwa Mwalimu, msemo wa Kiingereza ulikuwa mgeni: usimkaribishe kinywani kabla hujamuuliza kwao ni wapi, iwe kwenye Biblia au kwingineko. Anauliza, tunaitikia.

"Tone kwenye ndoo?"

"Kwao kwa Isaya!"

"Kupona kwa ngozi ya meno?"

"Kwao kwa Ayubu!"

Napaza sauti kuliko wote, kama kawaida yangu nikiwa sijui jibu.

Mara darasa ni tupu. Jagi liko mkononi mwake, beseni liko chini ya mikono yangu.

"Kunawa mikono, mtu akijitoa kwenye jambo?"

"Kwao kwa Pilato, Mwalimu."

"Alinawa kwa kuwa hajui?"

Natafuta wa kuninong'oneza. Hakuna.

"Alijua," nasema. "Alijua yule hana kosa."

Hamimini. Analiweka jagi chini taratibu, anaifuta mikono yangu mikavu kwa ncha ya khanga yake, kama mama anavyomfuta mtoto.

"Haya, kobe. Toa kichwa."

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka, ukungu umejaa uani. Nikavaa kandambili juu ya zile soksi, kituko kitupu, nikavuka ua.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

Hatua zikaja hadi mlangoni.

"Wewe? Umetoka nje? Kuna moto?"

"Fungua, wifi. Leo kikaoni unakaa karibu yangu. Nitawaambia nilichokiona."

Mlango ukafunguka. Atu akanitazama kuanzia nywele mpaka soksi, midomo ikimtetemeka, sijui kwa kilio au kwa kicheko.

"Jamani, wifi. Hata uso hujanawa?"

"Nimekuja hivihivi."

Akanishika mkono. Hakuuachia hadi tulipokaa mbele ya Baba Mkubwa.