Taa Juu ya Mafiga

Wiki iliyopita, huko Muheza, kijana aliyekuwa akinioshea gari aliinama mbele, akagonga taa kwa kidole, akasema, "Dada, hii imeingia maji." Nilisogea. Nyuma ya kioo matone yalikuwa yameshikana kama jasho. Akaanza kunieleza namna ya kuikausha, lakini sikumsikia. Pua yangu ilikuwa imejaa moshi wa kuni za mkaratusi, ingawa pale hapakuwa na moto wowote. Nawaambia ninyi jambo ambalo sijamwambia hata mama.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa na pikapu ya kuteremsha kabichi na karoti kutoka kwetu, karibu na Lukozi, hadi Mombo. Kwenye ukungu wa Juni hakuna anayezipita zile kona bila taa, hata saa nne asubuhi. Taa ya kushoto ilikuwa imeingia unyevu hadi mwanga wake ukawa mzito, mweupe kama maji ya mchele.

Fundi Saidi, jirani yetu, aliitoa nzima. Kwa kuwa niliuliza, alinionyesha mpira wa nyuma uliopasuka, na tundu dogo la kupitishia hewa lililozibwa na tope. Akatoa balbu, akailaza taa juu ya ukuta wa mawe.

"Jua likitoka litaikausha taratibu, mwanangu," akaniambia. "Wewe kaa nayo tu. Usiipeleke popote."

Kisha akapanda bodaboda kwenda Lukozi kutafuta mpira mpya na silikoni.

Jua halikutoka. Ukungu ulipanda kutoka bondeni ukakaa juu ya matuta ya karoti, na mimi nilitaka baba arudi kutoka sokoni aikute taa imekauka, anisifu. Kwetu kila kilichotakiwa kukauka kilipelekwa mahali pamoja: kwenye dari la jiko, juu ya mafiga, ambako Bibi alitandaza mahindi na maharage ya mbegu. Bibi alikuwa shambani. Nikapanda, nikailaza taa katikati ya maharage, nikashuka na kuchochea kuni. Nilikaa pale chini nikikohoa, nikijiona fundi.

Nilipoishusha, maji yalikuwa yamekwisha kweli. Lakini ule utando wa ndani, uliokuwa uking'aa kama sufuria mpya, ulikuwa umegeuka rangi ya chai, na pembeni plastiki ilikuwa imejikunja. Nilipitisha kitambaa kwenye tundu la balbu. Masizi yakazidi kusambaa. Nikairudisha ukutani, nikanawa uso.

Baba alitangulia kurudi. Aliigeuza taa, akaniuliza nani kafanya vile. Baba hakuwa mtu wa fimbo. Akikasirika aliacha kusema nawe, siku tatu, siku nne, na mimi nilikuwa radhi kuchapwa kuliko hilo.

"Fundi aliikausha motoni," nikasema. Lilitoka kirahisi kama salamu.

Fundi Saidi aliporudi, baba alimsema mbele ya majirani wawili waliokuwa wakifunga magunia ya kabichi: mtu mzima mzima anaanika taa kwenye moto kama mahindi. Fundi aliisogelea taa. Aliichukua, akainusa. Akatazama moshi uliokuwa bado ukipenya kwenye paa la jiko letu, halafu akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu. Nikaangalia miguu yangu.

"Nimekosea, Baba Neema," akasema. "Nitaleta nyingine."

Kesho yake alileta. Aliifungua kwenye pikapu yake mwenyewe, kuukuu, ya aina ileile, iliyokuwa juu ya mawe nyuma ya nyumba yake. Alikuwa akiifufua kidogo kidogo ili siku moja naye abebe mboga, aache kutengeneza magari ya wenzake. Ikabaki chongo. Baba akaanza kupeleka gari kwa fundi wa Lushoto mjini, na wenye magari wengine wakamfuata. Watoto wakampa jina: Fundi Moshi. Siku moja tukitoka shule wenzangu walimwita hivyo kwa mbali, nami nikacheka nao, tena kwa sauti.

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba alinihurumia, na kwamba mtu mzima akimfichia mtoto kosa, kosa limekwisha. Ni ukubwani, nikiiona tena sura yake pale ukutani, ndipo nilipouelewa ule muda mrefu. Hakuwa akinifichia. Alikuwa akinisubiri niseme. Mimi nikaangalia miguu. Ndipo akasema yeye.

Na hakuacha kusubiri. Kila niliporudi likizo na kumwamkia, aliitika marahaba, kisha akasimama kidogo zaidi ya inavyohitajika, kama anayejua kuna maneno yamebaki. Krismasi iliyopita alisimama tena, ndevu nyeupe, mikono ikimtetemeka. Siku hizi hafungui gari la mtu. Baba alikuwa kando yangu. Nilimtazama Fundi Saidi usoni, nikafungua mdomo, nikamuuliza kama viazi vyake vimekubali mwaka huu. Akanijibu, kwa upole, kwamba vimekubali.