Mteja Aliyerudisha Tairi

Ukitaka usiamini, hiari yako. Mimi ni mbishi, watu wa Fordsburg, hapa Joburg, wanalijua hilo, na habari za mizuka nilikuwa nazicheka. Lakini hili halikumkuta jirani wala binamu wa jirani. Lilinikuta mimi, nikiwa na akili zangu timamu, jioni moja ya Juni, wakati wa baridi huku.

Kazi yangu ni kufunga matairi. Baridi ya Joburg ni kavu, mpira unakakamaa, na anayevuka milima kwenda Durban anaweza kukuta theluji. Safari hiyo inataka mpira laini na kashata nzito, ile mikato ya juu inayoshika barabara. Sasa sisi tulikuwa na ujanja wetu. Tairi likiwa kipara, tunalichonga mikato mipya kwa kisu cha moto, tunalipaka rangi nyeusi, linang'aa. Kumbe limebaki ngozi tu.

Siku ile shemeji yangu Kibwana, mume wa dada yangu Zuhura, alileta kombi yake.

"Shemeji, nifungie yatakayoshika. Redio inasema mlimani kuna theluji."

Matairi mazima yalikuwa yameisha. Badala ya kumwambia asubiri kesho, nikamfungia manne ya kuchonga. Nikajiambia wengi wamepita, naye atapita. Saa kumi na moja Zuhura akanipigia kuniaga. Kumbe naye anakwenda, na mtoto wake mchanga, wanaondoka muda uleule. Nikafanya nini? Nikamtakia safari njema. Naona aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Adhana ya magharibi ilikuwa imeshapita, nafunga duka, akaingia mwanamume amebeba tairi begani. Nywele na mabega yake yamejaa barafu. Nikamkaribisha kwenye mbaula, makaa yanawaka vizuri. Akasimama pale motoni, na ile barafu haikuyeyuka. Hapo nikaanza kumtazama. Mimi kila nikisema neno mvuke unanitoka mdomoni. Yeye anaongea, hautoki hata kidogo.

Akaliweka tairi chini. Limepasuka ubavuni, waya ziko nje. Fundi anaijua kazi ya mikono yake, na mikato ile niliichonga mimi.

"Fundi," akasema taratibu, kwa Kiswahili cha Kikongo, "nilikuuliza kama hii itashika ku mulima. Ulinijibu nini?"

Nikamkumbuka. Alikuja baridi ya mwaka uliotangulia, mtu mpole, mkewe kakaa garini. Nilimjibu "sharp", yaani poa tu, bila hata kuinua uso.

"Nijibu tena."

"Haishiki," nikasema. "Haishiki, ndugu yangu. Nilikudanganya."

Akaitikia kwa kichwa. "Na wale wa leo, umewaambia?"

Niliinama kuchukua simu chini ya kaunta. Kuinuka, hakuna mtu, hakuna tairi, sakafu kavu.

Nikampigia Zuhura. Hapokei. Nikapiga tena na tena, mpaka akapokea. Walikuwa wameshapita mji wa Heidelberg, bado hawajafika milimani. Nikamwambia wasimame, nikamwambia na sababu.

Nilitegemea afoke, lakini aliuliza polepole: "Kaka, nilipokuaga, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akakata simu. Walilala kituo cha mafuta, ndani ya gari, na baridi ile, mpaka nilipowafikishia matairi mazima asubuhi. Walifika Durban salama. Leo dada yangu ananisalimia, chakula ananipa, lakini mtoto hanipi nimbebe.

Wewe unayesafiri, usiridhike na weusi wa tairi. Pitisha kidole ndani ya mikato. Ukikuta kingo kali za kisu, au uzi wa waya unachungulia, shuka, hata kama fundi ni ndugu yako wa damu.

Mimi siku hizi nawatafuta wote niliowauzia, nawabadilishia bure. Wengi nimewapata. Wawili simu zao hazipatikani, mmoja ni yule Mkongo, na kila jioni nawapigia.