Gari Jeupe Chini ya Jabali

Mchanga wa Riyadh ukinyeshewa hutoa harufu ambayo sijawahi kuikuta kwingine, harufu ya chungu kipya kilichotiwa maji kwa mara ya kwanza. Sisi ilitufikia kwa kupitia chini ya mlango, kwa sababu dirisha la chumba chetu kule Al-Shumaisi lilikuwa limezibwa kwa foili tangu kabla hatujahamia, na mama hakutaka mtu aibandue. Mvua ikianza nilikuwa nalala kifudifudi sakafuni, pua kwenye ufa wa mlango, nikiivuta ile harufu mpaka Anti Rehema ananikanyaga akienda kubandika chai. Nilikuwa na umri wa kusoma darasa la tatu au la nne, lakini darasa lenyewe sikuwa nalo. Nilizaliwa Jeddah, mama alipokuwa ameshatoroka nyumba aliyokuwa akifanya kazi, kwa hiyo yeye hakuwa na ikama, kile kitambulisho cha mgeni ambacho bila hicho huwezi hata kwenda kutibiwa, nami sikuwa na karatasi ya aina yoyote. Kwa serikali ya huko na kwa ya Kenya, mimi sikuwepo. Nilikuwepo pale sakafuni tu.

Tulikuwa watatu mle chumbani. Mama alitoka Keiyo, mwanamke mrefu wa mifupa, anayetembea kama mtu aliyechelewa hata akienda chooni. Siku za kazi alifua na kusafisha nyumba za watu Al-Suwaidi, kibarua cha leo na kesho, bila mwajiri wa kudumu. Anti Rehema alikuwa wa Mombasa, naye alimkimbia kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, wa Al-Naseem, na ulimi wake ulikuwa umeshika Kiarabu vizuri kutuzidi sote. Ilikuwa miaka ile mawakala walipokuwa wakiwaleta wanawake wa Kenya kwa wingi, na kila baada ya muda kulikuwa na mgeni anayebisha mlango wetu akiwa na begi moja na uso uliovimba kwa kulia. Nje ya mlango huo palikuwa na sheria moja, na mama alinifundisha mapema kama wenzangu wanavyofundishwa kuvuka barabara. Ukiona gari jeupe lenye mistari, ndilo la watu wa kukagua karatasi. Usikimbie, kwa maana kukimbia ni kuwaambia. Ingia dukani, shika kitu, geuka upande. Kama hakuna duka, jifanye huna mwili. Nilikuwa hodari sana wa jambo hilo, na nilijisifu nalo.

Halafu ikaja ile baridi ambayo Baraka alianza kututoa. Baraka alikuwa dereva wa familia moja ya Al-Suwaidi, Mkamba mwenye ikama halali na maneno mengi, na wakati wa baridi bosi wake alipenda kwenda Jeddah Alhamisi na kurudi Jumamosi, akiacha lile gari kubwa la kupanda milima limelala uani. Baraka hakuona sababu ya gari kulala. Siku za baridi watu wa Riyadh wote hutoka kwenda jangwani, wanatandika mazulia, wanakoka moto, wanakaa mpaka jua litue, na yeye akasema sisi tuna upungufu gani. Ijumaa moja tulikwenda kwenye vilima vya mchanga mwekundu, nikateleza juu ya sinia la pilau mpaka makalio yakapata moto. Nyingine tulikwenda kwenye bonde lenye mitende na maji yanayotembea kweli, nikatia miguu humo na kukataa kutoka. Baraka alitutembeza akijifanya mwenyeji, akitaja majina ya milima ambayo nina hakika mengine aliyatunga njiani. Rehema alimwambia, "Wewe hata Machakos kwenyewe hukujui, leo watufundisha Arabuni." Mama alicheka, na nilimtazama anavyocheka, kwa maana chumbani hakuwa na kicheko hicho.

Ijumaa iliyofuata alitupeleka magharibi, kwenye ukingo wa jabali la Tuwaiq. Gari lilipita bonde la migunga kwa muda mrefu, likitupiga vichwa kwenye paa, kisha ardhi ikaisha. Sijui namna nyingine ya kuieleza. Mbele ya miguu yetu palikuwa na upepo, na chini kabisa nchi tambarare ya rangi ya biskuti, yenye michirizi ya mito iliyokauka. Mama alikaa chini pale pale kwenye mawe. Nilidhani ameshikwa na kizunguzungu. Akanyoosha kidole chini, akaniambia kwetu ndivyo kulivyo, isipokuwa kwetu ni kijani. Ukuta wa mlima ni ule ule, njia za mbuzi zinashuka vile vile, na nyumba ya bibi yako ingekuwa pale, chini ya lile jiwe lililochomoza. Nililikodolea macho jiwe hilo mpaka machozi yakanitoka kwa upepo. Kenya nilikuwa nimeisikia tu kwa simu yenye mikwaruzo, na sasa nilikuwa naitazama. Kulikuwa na njia nyembamba ya miguu inayoteremka hadi chini, watu wakipanda na kushuka kwa viatu vizuri na fimbo, na mama aliitazama njia hiyo siku nzima. Wiki ile yote hakuzungumza kingine.

Kwa hiyo Ijumaa nyingine tulirudi pale jabalini. Mawingu yalikuwa yametanda na baridi ilikuwa ya kukata masikio. Baada ya chai mama alisema anashuka mara moja, aguse chini kwa miguu yake, apande, tule. Nilitaka kwenda naye lakini nilikuwa na ndara miguuni, akakataa. Alijifunga leso yake ya bluu kiunoni, akachukua chupa ndogo ya maji, akaanza kuteremka kwa ule mwendo wake wa kuchelewa, na mimi nikalala kifudifudi ukingoni nikimfuata kwa macho. Nilimwona akiwa mama, halafu akiwa leso, halafu doa la bluu. Chini kulikuwa na gari jeupe limeegeshwa. Doa la bluu lilisimama, likaacha njia, likaingia kwenye mpasuko wa mawe upande wa kushoto. Nikajua amefanya nini, hata sikuona ajabu. Mimi pia ningefanya hivyo. Nilisubiri litokeze upande wa pili.

Halikutokeza. Lile gari liliondoka, pengine lilikuwa la watu wa matembezi tu kama sisi, na bado halikutokeza. Pilau lilipoa. Simu ya mama haikupatikana kwa kuwa kule chini hakuna mtandao, na Baraka alishuka akarudi akihema, mikono imechanika, akisema mipasuko ni mingi na yote inafanana, ukikosea mmoja unatokea kwingine kabisa. Alikuwa ameita mpaka sauti ikaharibika. Ndipo wakubwa wangu wakaanza kugombana, na sijawahi kusikia ugomvi wa sauti ya chini kiasi kile.

"Tuwapigie watu wa uokoaji," Baraka alisema.

"Wakija wataanza na ikama," Rehema akamjibu. "Mimi mafi, sina, huyu mtoto mafi. Na hilo gari wewe umeliiba."

"Sijaliiba. Nimeliazima."

"Kamwambie bosi wako hivyo."

Kisha wakakaa, na jua likawa linakwenda zake. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote nikikumbuka, jinsi tulivyokaa. Mama yangu alikuwa chini ya lile jabali, pengine amevunjika mguu, pengine amekufa, na sisi watatu tulikaa juu tukiogopa simu. Nililia, nikamvuta Rehema nguo, nikamwambia waje wanikamate mimi basi, wampate mama. Nilimaanisha. Nilikuwa tayari kwenda jela mwenyewe, na jela nilikuwa naijua kwa jina tu kama nilivyoijua Kenya.

Karibu nasi palikuwa na familia ya Kisaudi ikichoma nyama, na mwenye familia alikuwa mwanamume mnene mwenye koti la manyoya, anayecheka na wanawe. Tulikuwa tumempa mgongo tangu asubuhi. Rehema alisimama, akajitengeneza mtandio, akamwendea. Nilimwona akisema, akionyesha jabali, kisha akininyooshea mimi mkono. Yule mtu hakuuliza karatasi. Aliuliza ameshuka saa ngapi na ana maji kiasi gani, akaweka sahani chini, akampa mwanawe mkubwa funguo za gari la pili awarudishe wanawake wa familia yao nyumbani, akatupungia sisi mkono tumfuate. "Yalla," alisema. Gari lake lilikuwa jeupe.

Tulizunguka kwa njia ndefu ya magari mpaka tukafika chini ya jabali, Baraka mbele pamoja naye, mimi na Rehema nyuma. Huku chini ule ukuta ulikuwa umesimama juu yetu na ukishika rangi ya machungwa. Tulipita mbele ya mipasuko mmoja baada ya mwingine, pole pole, yule mtu akipiga honi na kuwasha taa. Tukafika mwisho, tukageuka, tukarudi. Hakuna kitu. Alipogeuza mara nyingine alisema kitu kwa sauti nzito, na Rehema hakututafsiria. Baraka alikuwa amejishika kichwa. Nakumbuka nilikuwa nimeng'ata mkanda wa kiti, na ladha yake ya chumvi na vumbi ninayo hadi leo.

Ni Rehema aliyegutuka. Alisema kwa Kiswahili, kama anayezungumza peke yake, "Anatuona. Anatuona huyu, ila amejificha." Akamshika yule mtu bega, jambo ambalo mwanamke hafanyi kule, akamwambia azime taa, aache honi, azime na injini. Akafungua dirisha akanitoa nusu mwili nje. "Muite mamako, Chebet. Kwa lugha yenu."

Nilimwita. Sauti yangu iligonga ukuta ikanirudia. Nilimwita tena, nikamwambia kwa Kikeiyo kwamba ni mimi, kwamba njoo. Kisha leso ya bluu ikainuka nyuma ya jiwe ambalo tulikuwa tumelipita mara mbili, karibu kiasi kwamba ningeweza kumpiga kwa kokoto.

Hakukimbia kuja kwetu. Alitoka akichechemea, mguu mmoja hauna kiatu, na mikono yake yote miwili ilikuwa juu. Alikuwa akimtazama yule mwanamume mnene, si mimi. "Chukua mimi, baba," alikuwa akisema, Kiswahili na Kiarabu vimechanganyika. "Bint mafi mushkila. Mtoto hana kosa. Muache. Chukua mimi, halas." Alikuwa amelala nyuma ya lile jiwe, kifundo kimeteguka, akilitazama gari likipita na kurudi, na angelala pale mpaka baridi immalize. Kilichomtoa ni kudhani kwamba nimekamatwa. Yule mtu alishuka, akamtazama, akageuza uso pembeni. Kisha akavua koti lake la manyoya akaliweka juu ya jiwe, kwa kuwa hakujua ampe vipi mwanamke ambaye haachi kuinua mikono.

Alimrudisha Baraka kwenye gari tulilokuwa tumeliacha juu, akatupeleka sisi mpaka mwanzo wa mtaa wetu na hakuuliza jina la mtu. Nyumbani mama alilala siku kadhaa akiuguza kifundo. Kisha alisema anarudi kwao, na ikiwa njia ya kurudi ni kukamatwa, basi akamatwe. Mimi naye tulikwenda Jeddah, ambako wasio na karatasi walikuwa wakikaa chini ya daraja wakisubiri watu wa serikali waje wawachukue na kuwarudisha makwao, tukakaa nao kwenye joto la kunata, sisi na mabegi yetu. Siku gari jeupe lilipokuja, mama alinishika mkono akaliendea.

Siku hizi ninaishi Eldoret, nauza dawa katika duka la dawa, nina kitambulisho na pasipoti, na mwisho wa wiki huvaa viatu vizuri nikatembea milimani na wenzangu. Kule kwetu Keiyo watu hutoka mbali kuja kutazama ukingo wetu, wengine huruka kutoka juu yake kwa miavuli, na vijana niliosoma nao walioko Riyadh kwa kazi hunitumia picha zao wakiwa ukingoni kwenye lile jabali lingine, mikono imetanuliwa, ikama mfukoni. Huniuliza kama wakati wetu pia palikuwa pazuri hivi. Huwajibu kwamba palikuwa pazuri, na sidanganyi. Mama anaishi chini ya mlima, kwenye shamba ambalo ni lake kwa jina lake. Ana ng'ombe, ana wajukuu wa ndugu zake, anacheka. Lakini gari likisimama langoni, la chifu, la daktari wa mifugo, la yeyote, utakuta kiti na kikombe kinachofuka moshi, na mtu hayupo. Kwa hiyo mimi nikienda kumwona hushuka barabara kuu, hata mvua ikinyesha, nikamwambia dereva aende zake, nikaingia kwa miguu huku nikimwita kwa lugha yetu. Baada ya muda mahindi hutikisika, na mama hutoka. Siku nyingi hutoka mikono ikiwa chini.