Jiwe Lililokondeshwa na Kamati

Baba mdogo ni mchonga mawe ya makaburi. Karakana yake ni chumba cha mabati, na vumbi lake jeupe limeshahamia kwenye nyusi zake. Nyuma ya mlango lilisimama bamba jeusi, nene, alilomwekea mkewe tangu tulipomzika mwaka juzi. "Hilo si la mteja," alimwambia kila aliyeuliza.

Ni mimi niliyemshawishi alitoe. Nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi wa nyumba yetu ya ibada, na kamati ilitaka jiwe la mlangoni lenye sentensi moja ya kueleza Mungu ni nani. Tulimwahidi jiwe jingine.

Akachonga: Mungu ni mwanzo wa vyote. Mwenyekiti akaja, akakuna kichwa. "Fundi, watu watauliza yeye alianza lini."

Jiwe halina kifutio. Ukibadilisha neno, uso wote husagwa mpaka herufi zipotee, na jiwe hukonda. Akasaga.

Mungu ni nguvu kuu. Mweka hazina akacheka: "Kama umeme?" Akasaga.

Mungu ni baba yetu. Mama mmoja wa kamati akaguna. "Wangu alitutelekeza, fundi. Weka jingine." Akasaga.

"Nyie, mbona Mungu wenu hatulii?" baba mdogo akafoka.

"Vumilia, fundi, tunakaribia."

"Mnakaribia nini? Jiwe linaisha!"

Kikaoni nilipiga meza: hakuna sentensi itakayomtosha, tumrudishie mzee jiwe lake! Wakaniambia nipunguze jazba za chuo, wakapitisha ya nne: Mungu haelezeki. Wakapigiana makofi, kana kwamba hayo si maelezo!

Kwenye herufi ya tatu bamba likapasuka vipande viwili. Mwenyekiti akatamka kwamba fundi ndiye aliyelivunja, kwa hiyo ahadi imekufa. Nilijiuzulu palepale. Jiwe halikuungana.

Baba mdogo aliokota kipande kidogo, akakifuta kwa kiganja. "Haya, msomi. Unaingia mstari mmoja tu. Mama yako mdogo alikuwa nani?"

"Alikuwa mpole..."

"Mpole? Yule aliyekukimbiza na mwiko?"

Nikacheka, kisha nikatafuta neno jingine. Miaka sita nilikula kwake, na sikuwa na sentensi.

"Basi chonga jina lake tu," nikasema.

Akachukua patasi. "Jina nilikuwa nalo tangu mwaka juzi," akajibu, "na jiwe zima."