Mwizi wa Kwenye Picha na Yowe la Mama Mkwe

Nimeolewa Nshambya, mama mkwe anatoka Kimwani, kijijini huko Muleba. Alikuja nilipojifungua mtoto wa pili, akanipikia, akanikanda, akafua nepi bila kununa hata siku moja. Niseme hilo kwanza, maana nilichomlipa kinanichoma mpaka leo.

Jumapili, tulipotoka ibadani, nilimwekea binti yangu mkubwa filamu ya zamani ya Wamarekani kwenye televisheni. Nyeusi na nyeupe, hakuna anayesikika akisema kitu. Polisi wanamfukuza mwizi, wanagongana, wanaporomoka kama mikungu ya ndizi. Mtoto anacheka. Mwizi akajificha ndani ya pipa, polisi akaja akakaa juu ya pipa lile lile, anajipepea kwa kofia.

"Mbona hakuna anayemwambia? Yuko humo!" mama mkwe akauliza, naye macho kwenye televisheni.

"Mama, ni mchezo tu," nikamwambia.

Mwizi akatoa mkono, akamchomolea polisi saa mfukoni. Mama akasimama, akapiga yowe. Enduru yenyewe, ile ambayo kwetu ikilia kila mwenye miguu anatoka.

Wakatoka. Kabla sijazima televisheni, uani wamejaa wanaume na mapanga, na jirani wa ng'ambo ya ua kashika mwiko.

"Yuko wapi? Kapitia wapi?"

Ningesema ukweli tungecheka wote, yakaisha. Lakini mimi na kidato changu cha nne niliona aibu. Nikasema, "Tusameheni jamani. Mama kichwa hakiko sawa siku hizi."

Alikuwa nyuma yangu, mlangoni.

Walipoondoka akasema, "Kimwani ukimwona mwizi ukanyamaza, wanasema mmegawana. Nilijisahau. Ila kichaa sina."

Asubuhi yule jirani alimsalimia kwa kupaza sauti, kama anaongea na kiziwi. "Bibi! Unajua leo ni siku gani?"

"Jumatatu," Mama akajibu, akaingia ndani kufunga mfuko wake.

Nilivuka ua na mtoto mgongoni, hasira zimenijaa, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe. Nikamwambia jirani nilidanganya, yule mama ana akili kunizidi. Akaendelea kumenya ndizi.

"Sasa unaniambia mimi wa nini? Nenda kamwambie yeye."

Nilimkuta barabarani anasubiri gari la Muleba. Nikamwambia nilimsingizia kwa aibu yangu, anisamehe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaikaza kanga niliyombebea mtoto, gari likaja, akapanda.