Nilivyotua kwa Turubai Mbele ya Mama Mkwe

Sina cha kuficha, Kitahana nzima ilishaniona: mwaka 2014 nilishuka kutoka juu ya bati langu mwenyewe nikiwa nimening'inia kwenye turubai, na aliyenipokea chini ni mama mkwe.

Mama huyo alikuwa ametoka Titye kuja kumchukua Neema wangu, ndiyo kwanza kaacha ziwa, eti akalelewe na bibi kwa kuwa mimi mtoto wa shule sijui kutunza nyumba. Nilikuwa na hasira hadi masikio yanawaka. Nikaona nimwonyeshe: nikapandisha udaga wote juu ya bati (muhogo nimeumenya na kuuloweka mwenyewe, siyo wa kununua), nikautandaza kwenye turubai ukauke, nikaweka mawe pembeni.

Mchana wingu likatoka milimani. Nikapanda mbio, nikatoa mawe kwanza, na ili mikono yote miwili izoe udaga nikazifunga kamba za turubai kiunoni (ndiyo, kiunoni, na kidato cha nne nilimaliza). Upepo ukaingia chini, turubai likavimba, udaga ukamwagika uani na mimi nikaufuata.

Hapo hewani nikamkumbuka kaka yangu mwanajeshi, alivyotuonyesha askari wa miavuli wanavyotua: miguu pamoja, magoti yalegee, ukigusa chini jiviringishe. Nikafanya hivyo hivyo. Nikaviringika kwenye bustani ya maharage hadi miguuni pa mama mkwe aliyembeba Neema, sina hata mchubuko.

Jirani yangu Mama Zawadi alikuwa ameshikilia uzio kwa kucheka. "Shoga, ndege imetua, abiria tushuke?"

Mama mkwe hakucheka. "Na huyu ndiye nimwachie mjukuu?"

Nikasimama, turubai bado linaniburuza, nikamfungua Neema mgongoni kwake. "Mama, nimetoka juu ya bati na nimesimama kwa miguu yangu. Mtoto haendi Titye."

Mama mkwe akainama. Akaanza kuokota udaga. "Lete ungo," akasema, "mvua hii haitusubiri."

Kesho yake aliondoka peke yake.

Siku hizi naanika chini, kwenye mkeka, hata kuku wakila wale, bati sipandi tena. Lakini wewe unayenicheka, ngoja kwanza urushwe na upepo, utue mzima, na ubaki na mwanao. Ndipo uje tuongee.