Fundi wa Makasia Anayetafuta Mlio wa Gongo

Saa moja asubuhi, Matondoni. Bwanamkuu Shee, fundi wa makasia mwenye miaka hamsini na minne, anakigonga kipande cha mti wa mtondoo kwa kifundo cha kidole, kisha anatega sikio.

"Bado," anasema, na kukirudisha darini jikoni, juu ya moto wa mkewe, Hadia. Hadia amewahamisha samaki wake wa kukausha ili mti upate nafasi. Halalamiki, anasogeza sufuria tu.

Kipande hicho kitakuwa gongo la besiboli, mchezo ulioletwa shuleni Lamu mjini na mwalimu Mmarekani aliyekwisha kurudi kwao. Mwaka jana, 1966, Bwanamkuu alikuwa akipita uwanjani na punda wake aliposikia gongo la mgeni likikutana na mpira.

"Ta! Nilisimama. Mti kusema vile sijapata kusikia. Tangu siku ile natamani mti wangu useme vivyo hivyo."

Gongo lile lilipasuka. "Nililivunja mimi," anakiri Mwalimu Rufus Mutua, mtu wa Machakos, aliyeachiwa timu. "Nilipigia ubavu usiofaa. Bwanamkuu aliona, lakini mbele ya wanafunzi akasema mti umezeeka."

"Kila mti una ndia zake," anaeleza Bwanamkuu, akizifuata njia za nyuzi kwa ukucha. "Ukizipiga vibaya, zinaachana."

Ameshachonga matatu. La mti wa mbambakofi lilikuwa na uzito wa ratili nne, mara mbili ya lile la mgeni.

"Mpira ulipita, gongo likiwa bado begani!" Rufus anacheka.

La mfune lilikuwa jepesi, lakini laini mno. Kila pigo liliacha shimo, na mpira ukaanguka karibu.

La tatu, la mtondoo, ndilo lililomuumiza. Aliufukia mti topeni ufukweni miezi mitatu, kama mbao za mashua zinavyofukiwa zisiliwe na wadudu. Chumvi ikabaki ndani, ikawa inavuta unyevu wa hewa. Gongo halikukauka. Lilipopigwa, lilitoa bu, kama gunia.

"Kwa mashua ningekuwa sawa," anasema polepole. "Kwa gongo nilikosa."

Sasa anakausha kwa moshi, na moshi unataka miezi sita. Rufus anahamishiwa kwao Machakos Desemba, miezi miwili kutoka sasa, na baada yake hapa hakuna, hata mwanafunzi, awezaye kuupiga mpira huo sawasawa.

"Lichonge sasa, Bwana," Rufus alimwambia juzi. "Hata likilia bu, tutacheza."

"La. Mti mbichi nishauona."

Amepanga jambo lingine. Aprili, gongo likiwa tayari, atalipeleka Machakos mwenyewe, ingawa hajawahi kupita Mombasa.

"Makka hajenda, anakwenda Machakos!" Hadia anamtania. Lakini ameshamtafutia blanketi, maana amesikia huko kuna baridi.

Kwa nini asilitume kwa posta?

"Likitumwa, watasikia wao," anasema Bwanamkuu. "Nataka nisimame pale, Bwana Rufus apige mara moja. Nikishasikia, narudi."